Nenda kwa ajili ya chumba cha nyuma: tathmini ya kongamano la wavuti, Nyali, Mombasa

Tiketi ya siku mbili ilikuwa shilingi 1,500, chai na chakula cha mchana ndani yake. Kwa pesa hiyo mtu alipata ukumbi mkubwa wenye mihadhara kumi na mmoja, chumba kidogo cha warsha upande wa nyuma karibu na jiko la hoteli, na mfuko wa kitambaa wenye daftari na kalamu. Ukumbi mkubwa ulistahili labda robo ya bei. Chumba cha nyuma kingeuzwa peke yake kwa bei yote na mnunuzi bado angeondoka na faida.

Ya ukumbini hayahitaji maneno mengi. Mihadhara miwili ya akili mnemba ilirudia yale yale yanayosemwa kila mahali. Jopo la uchumi wa kidijitali lilikaa saa moja na nusu bila mtu yeyote kufungua kompyuta. Slaidi nyingi ziliandikwa kwa herufi ndogo mno. Kwa projekta ya ukubwa ule, chini ya pointi 24 hakisomeki chochote kuanzia safu ya sita kurudi nyuma.

Mhadhara mmoja ulitoka nje ya mkumbo huo, nao ni ule wa nyaya za baharini. Watu wa Mombasa tunaishi juu ya mlango wa intaneti wa Afrika Mashariki na wengi wetu hatujui. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilipanda ufuoni hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Februari 2012 meli iliteremsha nanga mahali palipokatazwa, ikaukata waya wa TEAMS. Mei 2024 EASSy na SEACOM zikakatika pamoja kusini kabisa, upande wa Afrika Kusini, na huku mtandao ukawa wa kuchechemea. Mzungumzaji alionyesha jinsi ukurasa unaoandikwa Kisauni na kusomwa Majengo unavyoweza kwenda Ulaya na kurudi kabla haujafika, kwa sababu seva iko huko. Mtandao unapochechemea hivyo, ukurasa mwepesi bado hupita na mzito hukwama. Hoja hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa warsha.

Kabla ya warsha, neno kuhusu waifai, kwa sababu kosa lililotokea litajirudia kwenye ukumbi wowote. Ilikufa saa tatu na nusu asubuhi ya siku ya kwanza. Kulikuwa na rauta moja. Watu walikuwa kama sabini, kila mmoja na simu, wengi na kompyuta juu yake, kwa hiyo vifaa vilivyoomba nafasi vilipita mia. Mtandao ulipokwama, watu wakawasha hotspoti za simu zao, na hapo ndipo ulipoharibika kabisa. Masafa ya gigahezi 2.4 yana njia tatu tu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11. Hotspoti ishirini katika chumba kimoja ni kama watu ishirini wanaozungumza na simu kwa pamoja ndani ya matatu moja. Dawa yake ni rauta tatu au nne zilizounganishwa kwa waya, zitumie gigahezi 5, na tangazo la wazi watu wazime hotspoti. Warsha ilinusurika kwa sababu mwendeshaji alikuja na flashi nne zilizobeba programu zote, mifano yote na maelezo yote. Anayepanga kongamano afanye vivyo hivyo hata kama ana intaneti ya kuaminika.

Warsha yenyewe iliitwa kwa ufupi Kuandika kwa jina lako. Viti ishirini na vitano, saa tatu kila siku. Mwendeshaji alianza kwa kuwaomba watu watafute kwenye simu zao jambo lolote la maana waliloliandika mtandaoni miaka mitano nyuma. Dakika kumi zikapita. Watu wanne tu walifanikiwa. Wengine walijua waliandika, wakakumbuka hata maneno, lakini yalikuwa yamezama chini ya picha za harusi na matangazo, au akaunti ilikuwa imefungwa, au kundi lilifutwa na aliyelianzisha. Hapo akataja GeoCities, iliyobeba kurasa za watu binafsi kwa mamilioni na kufungwa mwaka 2009, na Google+ iliyofungwa mwaka 2019. Walioandika humo waliandika kwenye kiwanja cha mtu mwingine, na mwenye kiwanja akakitaka kiwanja chake.

Kuandika kwenye kiwanja chako mwenyewe si jambo geni kwa mji huu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na la Al-Islah mwaka 1932, hapa hapa Mombasa, akiandika kwa Kiswahili kuhusu mambo ya watu wake. Hakungoja gazeti la mkubwa limpe safu, na makala yake yakaja kukusanywa kuwa kitabu. Ilipendeza kwamba warsha ilimtaja yeye kabla ya kutaja mtu yeyote wa Marekani.

Hatua ya kwanza ni jina la tovuti. Majina ya Kenya, yanayoishia .ke, yanasimamiwa na KeNIC, na mtu huyanunua kwa wakala aliyesajiliwa. Kwa maandishi ya mtu binafsi kuna .me.ke, iliyotengwa kwa ajili hiyo hasa, na tangu 2017 mtu anaweza kuchukua .ke moja kwa moja bila kitu katikati. Makosa mawili yalielezwa kwa kirefu, na ilistahili. La kwanza ni kumwachia fundi wa tovuti asajili jina kwa jina lake na barua pepe yake. Fundi akihama, akigombana nawe au akibadilisha namba, huna hoja mbele ya wakala: mwenye mali ni yule aliyeandikwa. La pili ni la wanaojiona makini. Wanasajili jina kisha wanaweka barua pepe ya mawasiliano iliyo ndani ya jina hilo hilo. Siku malipo yakichelewa, jina linazimwa, barua pepe inazimika nalo, na onyo la kulipa linatumwa kwenye sanduku lisilofunguka tena. Weka barua pepe nyingine kabisa, na uandike tarehe ya kulipia kwenye kalenda mwezi mmoja kabla.

Hatua ya pili ilichukua muda mwingi zaidi, nayo ni kutoa maandishi yako yaliko. Mitandao mikubwa ya kijamii hukuruhusu kuomba nakala ya kila ulichokiandika. Ombi huchukua saa kadhaa, pengine siku, na kiungo cha kupakua hufa baada ya muda mfupi, kwa hiyo washiriki waliambiwa waombe wiki moja kabla ya kuja. Nusu hawakuomba. Waandalizi waliutuma ujumbe huo kwenye barua pepe ndefu iliyojaa ratiba na nembo za wafadhili, na hakuna aliyefika chini. Mara nyingine watume ujumbe mfupi wa simu wenye jambo hilo moja.

Walioomba walikutana na tatizo linalowahusu waandishi wa Kiswahili kuliko wengi. Mama mmoja wa Majengo, mwenye mapishi ya miaka sita, alifungua faili lake na kukuta supu ya ng’ombe imekuwa supu ya “ngâombe”. Kila penye ng’ palikuwa hivyo. Aliuliza kama afute aanze upya. “Usifute kitu, mama,” mwendeshaji akamjibu, “maneno yako yote yamo.” Kisha akaeleza ukutani. Simu nyingi huandika ritifaa, ile alama ya juu iliyo kwenye ng’, ikiwa imepinda badala ya kunyooka. Ile iliyonyooka huchukua baiti moja; iliyopinda huchukua baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Faili la JSON, muundo wa data unaosomwa na programu, la mtandao ule lilikuwa limezihesabu baiti hizo tatu kuwa herufi tatu: ya kwanza ikawa â, mbili zilizobaki zikawa alama zisizoonekana. Kwa sababu hiyo kutafuta na kubadilisha kwa mkono hakufaulu vizuri. Unafuta â na zile mbili zinabaki kimya ndani ya neno. Kuna njia mbili safi. Omba nakala upya kwa muundo wa HTML, ule wa kurasa za wavuti, badala ya JSON, au, kwa anayejua lugha ya programu ya Python, yageuze maandishi kuwa baiti kwa mfumo wa latin-1 kisha yasome tena kama UTF-8, kazi ya mstari mmoja. Mama alichagua ya kwanza. Nakala yake ilifika siku ya pili wakati wa chai, na ng’ombe wake wote walikuwa wazima.

Ritifaa ilirudi tena kwenye anwani za kurasa. WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, hutengeneza anwani kutoka kwenye kichwa cha habari, na ikikuta ritifaa huitupa. Mtu akiandika “Namna ya kung’oa jino la mtoto”, anwani inakuwa kungoa. Kwa msomaji wa Kiswahili ng’oa na ngoa ni vitu viwili: moja ni kuchomoa, nyingine ni uchu na wivu. Anayeandika Kimvita, lahaja ya Mombasa, kwa kuonyesha mpumuo atapoteza zaidi, maana p’aa aliye mnyama na paa lililo juu ya nyumba wataandikwa namna moja kwenye anwani. Herufi haziwezi kurudishwa kwenye anwani, basi ongeza neno la kutofautisha kwa mkono kabla ya kuchapisha: paa-mnyama, paa-la-nyumba. Kabla ya kuchapisha, si baada. Kiungo kikishasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, kukibadilisha kunaweza kuwafungia wasomaji mlango. Na tatizo dogo linaloendana na hilo: makala ukiyabandika kutoka Word yenye ritifaa zilizopinda, msomaji akitafuta ng’ombe kwenye kisanduku cha tovuti yako kwa ritifaa iliyonyooka hapati kitu. Chagua moja uitumie kote. Iliyonyooka ndiyo iliyo kwenye kibodi za watu wengi.

Jambo la lugha lilichukua dakika tano tu, na lilistahili nusu saa. Kila ukurasa wa wavuti una mahali pa kutangaza lugha yake, kwa Kiswahili ni lang="sw". WordPress hulijaza kutokana na lugha uliyochagua kwenye mipangilio ya jumla. Ukiiacha ilivyokuja, makala yako ya Kiswahili yanatangazwa kuwa Kiingereza cha Marekani. Kwa anayeona, hasara ni ndogo. Kwa asiyeona, programu ya kusoma skrini itasoma “maji yamejaa” kwa matamshi ya Kiingereza na hataelewa neno. NVDA, mojawapo ya programu hizo, ni ya bure, na inakuja na eSpeak NG yenye sauti ya Kiswahili. Inachohitaji ni wewe uiambie ukurasa ni wa lugha gani. Marekebisho ni kubofya mara tatu. Hili lingewekwa mwanzo kabisa wa warsha, kwa maana kati ya yote yaliyofundishwa ndilo rahisi kuliko yote na linalomfungia nje mtu kabisa likisahaulika.

Uzito wa ukurasa ulifundishwa vizuri sana. Picha ya simu ya megapikseli 12 ina pikseli 4000 kwa 3000 na uzito wa megabaiti tatu hadi tano. Skrini ya msomaji haihitaji zaidi ya pikseli 1200 kwa upana. Ukipunguza hadi hapo na kuhifadhi JPEG kwa ubora wa 75, unabaki na kilobaiti 150 au 200, na macho hayaoni tofauti. WordPress tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 hupunguza picha kubwa yenyewe, lakini inaishia pikseli 2560, bado ni kubwa kwa kazi hii. Hesabu iliandikwa ubaoni: msomaji mwenye bando la megabaiti 100 atafungua ukurasa wa megabaiti tano mara ishirini, wa kilobaiti 250 ataufungua mara mia nne. Kisha lile la usalama: picha ya simu huweza kubeba ndani yake mahali hasa ilipopigwa. Ukipiga picha ya sufuria jikoni kwako na kuipandisha nzima, pengine umeitaja nyumba yako. Zima kumbukumbu ya mahali kwenye kamera, au pitisha picha kwenye programu inayofuta taarifa hizo wakati wa kupunguza.

Kuhusu wapi pa kuweka tovuti, mwendeshaji hakusukuma bidhaa yoyote, na hiyo ni sifa kwake. WordPress ya kujiwekea kwenye seva ya kulipia inakupa kila kitu, pamoja na kazi ya kuisasisha. Ukiiacha mwaka mzima bila kuisasisha, tovuti yako inaweza kuvamiwa. Blogger ni ya bure, inakubali jina lako mwenyewe, na humpa kazi ndogo mtu asiye na fundi. Kwa anayeweza kutumia faili za maandishi, programu ya Hugo au Jekyll, inayogeuza faili hizo kuwa kurasa, pamoja na GitHub Pages inayozihifadhi, haigharimu kitu zaidi ya jina, na kurasa zake ni nyepesi kuliko zote. Tathmini yetu: kwa mtu anayeandika kwa simu tu, Blogger yenye jina la .me.ke, kwa mwenye kompyuta na subira, Hugo. WordPress ni nzuri, lakini nusu ya walioichagua walitumia siku ya pili yote kubadilisha rangi na sura, hawakuchapisha neno. Kanuni iliyobandikwa mlangoni, makala ya kwanza kabla ya sura, ilipaswa kusimamiwa kwa nguvu zaidi.

Nakala rudufu zilifundishwa kwa haraka mno, na ndipo penye mtego ambao wengi hawakuuona. WordPress ina kitufe cha kuhamisha maudhui, nacho hutoa faili la XML. Watu hulipakua, hulala usingizi. Faili hilo lina maneno yako yote, lakini halina picha hata moja. Lina anwani za picha tu. Seva ikifa, anwani hizo zinaelekeza kwenye kitu ambacho hakipo. Lazima upakue pia folda ya uploads, ndimo zilimo picha, au nakala ya seva nzima pamoja na hifadhidata, na uiweke mahali pawili, pamoja na flashi isiyokaa ndani ya mkoba mmoja na kompyuta. Ongeza la tatu: kila ukichapisha, peleka anwani kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huhifadhi ukurasa bure ukiiomba. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, zimetufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua alikaa akaziandika kutoka vinywani mwa watu. Wewe unaweza kuwa mwandishi na mwenye kunakili kwa pamoja.

Hakuna aliyeambiwa aache mitandao ya kijamii. Utaratibu uliopendekezwa ni kuchapisha kwanza kwenye anwani yako, kisha kupeleka nakala au dondoo kule watu waliko, pamoja na kiungo cha kurudi nyumbani. Na uuache wazi mlisho wa RSS, unaompelekea msomaji makala yako mapya bila yeye kuja kuyatafuta, kwenye WordPress uko /feed/, ukiwa na makala kamili, si mistari miwili ya kuonjesha. Msomaji wa mlisho ni msomaji mwaminifu, usimkate maneno.

Nini cha kuandika? Washiriki wengi walikuja na mada pana: maisha, mafanikio, vijana. Mwendeshaji aliwarudisha kwenye wanachokijua kwa mikono. Kijana wa Kibokoni anayetengeneza milango ya kuchonga akaandika aina za mbao na kwa nini mbao mbichi hupasua nakshi baada ya kaskazi. Mvuvi wa Mtongwe akaeleza bamvua na maji mafu, na siku zipi mtego haushiki. Maneno mia tatu kila mmoja. Hayo ndiyo maandishi yaliyokuwa bora katika kongamano zima, na mengi ya namna hiyo hayapatikani kwa Kiswahili ukiyatafuta. Kila makala yaliwekwa tarehe ya kuandikwa na nafasi ya tarehe ya kusahihishwa, jambo linalomsaidia msomaji wa baadaye kujua bei na vipimo ni vya lini.

Kilichokosekana: hakukuwa na neno kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ilhali fomu ya maoni inayokusanya majina na barua pepe inakuingiza ndani yake. Taka za maoni hazikutajwa. Na hatua zote zilionyeshwa kwenye kompyuta ilhali washiriki tisa walikuwa na simu tu.

Ratiba ilipangwa na mtu anayeujua mji. Ijumaa shughuli zilisimama saa sita na nusu hadi saa nane kwa ajili ya swala, na msikiti uko dakika tano kwa miguu. Chai ilikuwa na mahamri na mbaazi, ikatosha watu wote. Ila kuanza saa mbili kamili asubuhi kuliwaumiza wanaovuka kwa feri ya Likoni, waliokosa nusu saa ya kwanza siku zote mbili, na nusu saa hiyo ndiyo iliyoeleza habari ya majina ya tovuti. Waliofuatilia mtandaoni walipewa sauti iliyochukuliwa na kamera ya nyuma ya ukumbi, feni zikisikika kuliko wazungumzaji. Waya mmoja kutoka kwenye mikrofoni hadi kompyuta ya kurushia ungetosha.

Ukienda mara ijayo, omba nakala ya maandishi yako siku saba kabla, beba ekstensheni ya soketi nne, kwa kuwa chumba cha nyuma kina soketi mbili tu ukutani, na ujiandikishe kwa warsha siku tiketi zinapotoka. Viti ishirini na vitano viliisha kabla ya ukumbi kujaa nusu.